Kipande Kilichozikwa Munje

Maabara ninayofanyia kazi iko Mombasa, ng'ambo ya kivuko, na ndani ya friji yetu mna chupa ndogo ninayoiogopa kuliko nyoka. Ndani yake mna kingamwili. Ukiitonesha juu ya kipande chembamba cha uvimbe wa titi, kingamwili hiyo hutafuta kitu kimoja tu katika seli: vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike. Ikivipata, tunaongeza rangi na seli zinageuka kahawia. Kahawia ni afadhali, maana uvimbe huo unalishwa na homoni na kuna vidonge vya kuunyima chakula. Zikibaki buluu, mlango huo umefungwa. Nimewaona wanawake wengi wakitoka buluu, sura zao nisizijue, nikanawa mikono nikaenda kula chakula cha mchana. Kisha ikafika zamu ya mamangu.

Mamangu anakaa kijijini Munje na mdogo wake, ambaye mimi namwita mama mdogo. Kile kivimbe alikificha chini ya leso muda mrefu, akikikanda kwa mafuta ya nazi. Mficha maradhi kilio humuumbua, methali ambayo yeye huwatolea wenzake tu.

Siku alipotolewa uvimbe, katika hospitali ya Msambweni, mimi nilikuwa kazini. Daktari akamkabidhi mama mdogo mkebe wenye formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, na kipande kikielea ndani. Akamwambia ufike kwetu upesi, na usifunguliwe. Nikampigia simu.

"Shikamoo, mama mdogo. Mkebe uje leo."

"Marahaba, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Haukuja. Kesho yake simu haikushikwa. Siku iliyofuata aliishika, akazungumza habari za mihogo. Mihogo! Nikaomba ruhusa kazini, nikavuka kwenda Munje.

Nyumba ilinukia udi. Mamangu alikuwa amelala, kifua kimefungwa bandeji. Mkebe niliukuta uani, umeoshwa ukang'aa, umefudikizwa pamoja na masufuria.

"Kiko wapi?" nikauliza.

"Nimekisitiri," akasema mama mdogo. "Nimekiosha kwa marashi, nikakifunga kitambaa cheupe, nikakizika. Kucha tunazika, nywele tunazika, kitovu chako nilikizika kwa mikono yangu hii. Titi la dadangu ndilo likatupwe jaani huko Mombasa? Na ile dawa inachoma macho, mwanangu. Sikuweza kumwacha humo."

Ebo! Nilimpigia kelele mpaka majirani wakachungulia. Nilimwita mjinga, mwanamke aliyeninyonyesha mamangu alipokuwa mgonjwa. Mdomo wangu hauna breki, na siku ile sikuitafuta. Alilia, kisha akachukua jembe akanionyesha mahali.

Mchanga ulikuwa vuguvugu, na mvua ilikuwa imenyesha. Kitambaa kilitoka na harufu ya waridi, na chini ya waridi mlikuwa na harufu nyingine. Nilikitia kipande kwenye formalini niliyokuja nayo. Maji yakimwagika hayazoleki, nami nilikuwa nazoa.

Nilikitayarisha mwenyewe. Daktari wetu akatazama kwenye hadubini, akasema seli zimeharibika lakini saratani ipo, haina shaka. Ndipo nikatonesha kingamwili. Pembeni huwa tunaweka kipande cha mtu mwingine tunachojua kina vipokezi, tuhakikishe kingamwili haijalala. Hicho kiligeuka kahawia safi. Cha mamangu kilibaki buluu, na buluu hiyo haikusema lolote. Huenda vipokezi havikuwamo tangu mwanzo, huenda vimeozea mchangani. Wallahi, afadhali ningepewa jibu baya nikalijua.

Daktari wa saratani alitaka kumkata tena apate kipande kingine. Mamangu akakataa. "Nimekatwa mara moja, yatosha." Sindano za saratani nazo akazikataa. Basi akaandikiwa vile vidonge vya kuzuia homoni, kwa kubahatisha, pengine vitamfaa. Mama mdogo hatukumwambia kwamba ni vya kubahatisha.

Sasa kila asubuhi anameza kidonge, na mama mdogo amemsimamia na gilasi ya maji. Vidonge humtoa jasho la ghafla, leso ikalowa. Mama mdogo humpepea akicheka: "Umeona, dada? Dawa inauchoma ugonjwa!" Mamangu hujibu Alhamdulillahi. Jasho hilo humtoka hata yule ambaye uvimbe wake haujali vidonge, na nyumba nzima ni mimi tu ninayelijua hilo. Nakula nao wali wa nazi, nacheka nao, na naogopa.

Ijumaa iliyopita mama mdogo alikuwa amekwenda dukani. Mamangu aliniita chumbani nimsaidie kuvaa, kwa kuwa mkono wake haunyanyuki vizuri. Nilipokuwa nampitisha dera, kidole changu kikagusa kwapani kitu kigumu, kama kokwa ya ukwaju. Nikauacha mkono pale pale.

"Nakijua," akasema.

"Mama! Mbona hukusema?"

Alilishusha dera taratibu, akasikiliza kwanza kama mlango wa uani umefunguliwa.

"Hiki wakitoe, nimekubali, kiwape jibu ambalo kile kilichoozea mchangani hakikuwapa. Lakini mkebe uubebe wewe mwenyewe. Na mdogo wangu asijue kamwe kwa nini."