Neno la Siri Nililomwachia

Ile karatasi niliiandika mwenyewe. Ilibandikwa kando ya kila kompyuta katika hospitali yetu ndogo pale Kondele: usimpe mtu neno lako la siri, hata rafiki yako, atakayetoa atafutwa kazi. Kila mfanyakazi alitia sahihi. Wauguzi walinicheka, wakasema najifanya polisi wa mashine.

Mashine zenyewe zilikuwa kuukuu, na mlinzi wake nilikuwa mimi peke yangu. Mwaka nenda mwaka rudi niliomba msaidizi, nikaomba na mahali salama pa kuweka nakala za faili za wagonjwa. Mkurugenzi aliniambia ningoje, kwanza paa la wodi ya akina mama. Sikumlaumu sana, maana paa lilivuja kweli.

Kisha mama yangu akafa. Kwetu huziki mamako asubuhi ukarudi kazini jioni. Na pale hospitalini tulikuwa na desturi ambayo karatasi yangu haikuiweza: anayekwenda matanga humwachia mwenzake neno la siri ili kazi isilale. Kumnyima ni kumwambia humwamini, na nani atasema hivyo siku ya msiba? Mganga hajigangi. Nikamwachia langu, linalofungua mashine zote, rafiki yangu wa ofisi ya rekodi. Tulikuwa tumekula sahani moja miaka saba.

“Nyaminwa, enda uzike mama,” aliniambia, kwa Kijaluo ananiita dada. “Huku mimi niko.”

Tulizika Ijumaa, huko Awasi. Mchana huo barua pepe iliingia kwenye sanduku la ofisi yangu, ikidai imebeba picha za mazishi ya mama. Tangazo la kifo lilikuwa limezagaa mtandaoni, na jina lake, kijiji na saa, kwa hiyo wadukuzi hawakutoka hata jasho. Rafiki yangu akaifungua. Kufikia Jumatatu kila faili ilikuwa imefungwa, na wauguzi wanaandika dawa za wagonjwa kwenye madaftari ya shule.

Aliniambia mwenyewe, akilia, nyuma ya jiko la hospitali. Alitaka tu kumwona mama akisindikizwa, kwa kuwa hakuweza kuja. Nilimkumbatia. Nikamwambia twende wote wawili tuseme ukweli, karipio tuligawane. Akaitikia kwa kichwa.

Kwenye kikao mkurugenzi alisoma kumbukumbu ya mashine: barua ilifunguliwa kwa jina langu, Ijumaa, saa nane mchana. Nikasema saa nane nilikuwa kaburini, nimeshika udongo wa kumtupia mama, kijiji kizima kikiniona. Hapo hapo nikatambua nimejifunga kwa kamba yangu. Kama si mimi niliyefungua, basi neno la siri nilimpa mtu. Nikamtaja, nikangoja aseme.

Mkurugenzi akamgeukia, akamuuliza kama kweli nilimpa. Aliangalia viatu vyake.

“Hapana, Daktari. Huyu hakunipatia kitu.”

Nilikuwa nimevaa bado nguo nyeusi. Niliachishwa kazi kabla ya chakula cha mchana, na wale waliokuwa wakiachiana maneno ya siri kila msiba walinipisha mlangoni. Najua ana watoto. Hata mimi ninao. Kufungua ile barua nilimsamehe siku ile ile, maana hata mimi ningeifungua. Lakini ile hapana imenikwama kooni, na sitaki kudanganya kwamba inashuka.

Sasa yeye ndiye mlinzi wa mashine. Mahali salama pa nakala za faili pamepatikana, na msaidizi amepewa. Juzi nilimpeleka mwanangu kutibiwa huko, nikaiona karatasi mpya kando ya kompyuta ya mapokezi. Maneno ni yangu yote, hata lile la rafiki. Chini yake kuna sahihi yake.