Ng'ombe Haingii Ndani ya Bahasha

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ile niliyopewa diploma, ingawa diploma hiyo ipo ukutani kwangu na kila anayeingia ofisini huisoma kabla hajaketi. Ni Jumatano moja asubuhi, hapa Bukavu, shangazi yangu Nabintu alipotua bidoni, dumu la plastiki, la maziwa yaliyoharibika juu ya meza yangu na kuniuliza swali ambalo hakuna profesa aliyewahi kuniuliza. Nimesikia kwamba unataka kufungua biashara na kwamba unatafuta mtu wa kukusindikizia dosie, yaani faili la usajili. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza ujue anayekushauri ni nani. Mimi niliondoka mji huu na begi moja. Sikuwa na mjomba serikalini wala kaka Ulaya wa kunitumia tikiti. Huko kwenye baridi niliosha mitungi ya maziwa katika kiwanda cha watu, mchana naosha, jioni nasoma, miaka sita, mpaka wale wale niliowaoshea mitungi wakanipigia makofi nilipopokea diploma ya ufundi wa maziwa. Wenzangu wengi walibaki kule. Mimi nilirudi. Nasema hayo bila haya, kwa maana mwenye kujenga nyumba yake kwa mikono yake ana haki ya kuionyesha.

Nilirudi nikiwa na miaka thelathini na miwili na mpango mmoja: kiwanda cha mashanza, maziwa yetu ya kugandisha, lakini ya usafi, yenye kopo na jina. Nilipata nyumba mtaa wa Nguba, karibu na ziwa, nikaweka mashine. Kisha nikapanda hadi Walungu, alikozaliwa baba yangu. Shangazi Nabintu, dada mkubwa wa baba, alinikusanyia akina mama wenye ng'ombe. Niliwaambia wasimwuzie tena yule mchuuzi aliyekuwa akiwapunja kwa kipimo chake cha kopo lililobonyea. Mimi nitanunua maziwa yenu yote, nikawaambia, shule za bweni zikifunguliwa tu tutaanza. Waliniamini. Walimkataa mchuuzi mbele ya soko zima, naye akaondoka na hasira zake, akaenda kununua kwingine.

Sasa sikia. Shule za bweni hazinunui kwa mtu asiyesajiliwa. Nilihitaji karatasi za serikali, na mapema, la sivyo maziwa ya akina mama wale yangekosa mdomo wa kuyanywa.

Wewe ni mtoto wa juzi, hukuiona shida ya zamani. Aliyetaka kusajili biashara alizungushwa ofisi hadi ofisi kama mbuzi aliyekata kamba. Hapa muhuri, pale sahihi, kule mkubwa hajafika. Kila mlango ulikuwa na kiu, kila mlango uliomba sukre, yaani soda, na sukre ile haikuwa ya kunywa. Lakini niliporudi, serikali ilikuwa imebadilisha kanuni. Kazi zote zile ziliwekwa kwenye dirisha moja. Ada zote ziliandikwa ubaoni, herufi kubwa, nje, mahali ambapo hata mpita njia anasoma. Unalipa benki, unaleta risiti, unaambiwa siku ya kurudi. Basi.

Mimi nilisimama mbele ya ubao ule, nikausoma wote, nikacheka.

Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, na nadhani ni kosa letu sisi watu wa hapa kuliko kosa la mtu mwingine yeyote. Tumezoea kuteseka hadi mlango ukifunguliwa tunatafuta dirisha la nyuma. Nilijiambia kwamba ubao ni wa kuwaonyesha wazungu, kwamba mimi naijua nchi yangu, na kwamba dosie haina miguu, lazima isindikizwe. Pale pale chini ya ubao alikuwa amesimama bwana mmoja mwenye koti na mkoba, wakimwita Tonton Rapidi, Mjomba Haraka. Hakuwa mfanyakazi wa pale. Alikuwa amesimama tu, lakini kwa namna ya mtu mwenye funguo. Aliniita Patron, yaani bosi. Alisema mtu wa cheo changu hapangi mstari pamoja na wauza mkaa. Neno hilo liliingia masikioni mwangu kama asali. Nikampa karatasi zangu zote za asili, pamoja na hati ya kiwanja, na bahasha juu yake.

Wiki ya kwanza akaniambia dosie iko mezani kwa mkubwa. Wiki ya tatu ilikuwa imepanda kwa mkubwa wa mkubwa. Wiki ya sita simu yake haikushika. Shule zilifunguliwa. Kule Walungu ng'ombe hawakujua habari za dosie. Walikamuliwa kila alfajiri kama kawaida, na akina mama waliyaweka maziwa wakinisubiri, kisha wakawapa watoto, wakawapa majirani, kisha wakamwaga. Nilitumia visingizio. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye ile bidoni ya Jumatano.

Shangazi alikuwa amepanda minibasi kutoka Walungu na bidoni magotini. Harufu ilijaa ofisi nzima. Hakuitikia salamu yangu. Aliisoma diploma ukutani, polepole, kama mtu anayetafuta ndani yake jina la dawa, kisha akaniuliza kwa nini karatasi hazijatoka. Nikamweleza yote, hata bahasha. Sikuona aibu. Nilimwambia ni desturi yetu toka mababu, kwamba hata kwa mwami, mtawala wetu wa jadi, mtu hakwenda mikono mitupu. Babu mwenyewe alitoa ng'ombe wa kalinzi, heshima ya kuombea ardhi, ndipo akapewa shamba. Je, bahasha si kalinzi ya siku hizi?

Hapo ndipo alipoketi.

"Bisimwa," akasema, "ile kalinzi miye niliiona na macho yangu. Nilikuwa binti mudogo. Ngombe ilipita mu barabara katikati ya muchana, batu bote banaiangalia, banahesabu mpaka pembe. Wazee bakashuhudia. Mwami akasema mbele yao, shamba iko ya huyu na batoto bake. Ndiyo maana mpaka leo hakuna mutu anaweza kutunyanganya. Sasa ya kwako, nani aliiona?"

Nikaanza kupanga karatasi za mezani.

"Nakuuliza, mutu wa diploma. Nani aliiona?"

Nikasema hakuna aliyeona, ndiyo maana ya bahasha.

"Basi usitukane babu yako. Ngombe haiingie mu bahasha. Kitu yenye unaogopa kutoa mbele ya batu, hiyo haiko kalinzi, hiyo iko wizi, na weye uko mwizi pamoja naye. Bamama balikuamini. Simama, twende."

Niliuliza twende wapi. Akasema kule kwenye mstari, pamoja na wauza mkaa.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Nilivaa koti langu zuri, nikatoka nyuma ya mwanamke wa miaka sabini, nikapanga mstari. Tulikaa saa mbili, na kwa kweli mstari ulisogea, jambo lililonishangaza. Dirishani alikuwepo binti mmoja mwenye miwani, mpole. Aliandika jina langu kwenye mashine yake, akatazama, akaandika tena.

"Papa, hii jina haiko," akasema. "Dosie yako haijaingia hapa hata siku moja."

Wiki saba, mwanangu! Nilikuwa nimelipia kusindikizwa kwa dosie ambayo haikuwahi kutoka nyumbani kwa msindikizaji. Kijana mmoja nyuma yangu akasema labda imesindikizwa mpaka Kinshasa, itatuma salamu ikifika. Mstari mzima ukacheka, na shangazi akacheka nao, bila kunionea huruma.

Yule binti akaniuliza niliiacha kwa nani. Hapo njia zilikuwa mbili. Ningeweza kusema karatasi zimepotea, nani angejua? Ningeomba nyingine, ningesubiri miezi, jina langu lingebaki safi. Au ningesema ukweli. Nikawaza maziwa yale yakimwagwa kwenye majani asubuhi ile ile tuliyosimama pale. Nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba nilimkabidhi Tonton Rapidi karatasi azipitishe nyuma, na kwamba nilimpa bahasha.

Watu waliacha kucheka. Aliitwa mkuu wa ofisi, mtu mnene aliyesema kidogo, akaniambia kuwa kwa sheria mpya anayetoa ana kosa kama anayepokea. Nikitaka hati yangu ya kiwanja itafutwe, lazima niandike yote na kutia sahihi, na huenda nikaitwa kujibu. Nilishika kalamu. Jina langu, nililolijenga kwa kuosha mitungi, nililiandika mwenyewe chini ya neno "nilitoa".

Lakini tazama kazi ya ukweli. Siku ya pili Tonton Rapidi alikutwa nyumbani kwake na gunia la karatasi za watu, wajane, mafundi, hata zile za wauza mkaa aliowadharau. Hati yangu ilikuwa juu kabisa, haijakunjwa. Mimi nilipewa onyo la maandishi, ninalo mpaka leo. Nililipa ada benki, nikapeleka risiti dirishani, nikaambiwa nirudi baada ya siku tatu. Sikuamini. Nilirudi siku ya tatu kwa ubishi tu, nikiwa tayari kulalamika. Karatasi zilikuwa tayari. Binti yule alinipa kupitia dirisha kama mtu anayempa jirani chumvi. Hakutaka kitu, akamwita mwingine.

Ningetamani ungeona siku tuliyofungua. Akina mama walishuka kutoka Walungu kwa minibasi mbili, wakiwa na vitenge vya Jumapili siku ya Ijumaa, wakiimba tangu kituoni mpaka Nguba, bidoni vichwani. Shangazi alikuwa mbele. Tulipima maziwa uani, mezani, mizani ikitazama watu. Kopo la kwanza alikunywa yeye, akapangusa mdomo, akasema kule Walungu wanagandisha vizuri zaidi, lakini kwa mtu aliyesomea kwenye baridi nimejitahidi.

Leo, sitaki kujisifu sana, lakini ukweli usemwe: kutoka Walungu hadi Luvungi, mtoto wa bweni asiyelijua kopo langu ni mgeni. Akina mama wale wana paa za bati na binti zao wako chuoni. Kuna mwaka alikuja mkaguzi mmoja na kitambulisho chake, akazunguka kiwanda, hakuona kosa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba jua ni kali na koo limekauka. Sikugombana naye. Nilimshika mkono kwa heshima, nikampeleka uani penye akina mama wakipima maziwa, nikamwambia, "Tonton, sema hapa mbele yao unachohitaji." Aliwatazama. Akina mama wakamtazama. Akasema alikuwa anapita tu kusalimia. Tukampa kikombe cha mashanza kama mgeni yeyote, akanywa chote, akashukuru. Hajarudi na kiu tena.

Sisemi nchi yetu imekuwa mbinguni. Bado kuna milango inayonuka. Ila ubao upo, sheria ipo, dirisha lipo, na mageuzi hayo ni kama njia mpya porini: isipokanyagwa na miguu ya watu, majani hurudi. Aliyeiandika sheria Kinshasa hatakuja kupanga mstari kwa niaba yako. Serikali inaweza kufungua mlango wa mbele. Kuingilia humo ni kazi yako.

Basi nasaha yangu ni hii, na usiichukue kama maneno ya mzee anayejaza siku zake. Nenda mchana. Soma ubao mpaka mwisho, na usipouelewa uliza, kuuliza si ujinga. Lipa kilichoandikwa, si zaidi, si pungufu, na usiondoke bila risiti. Anayekuita Patron kabla hajakujua anakupima mfuko. Ukishakosea, kama nilivyokosea mimi, usilifuge kosa lako ndani ya nyumba. Litoe nje likiwa dogo, ulitaje kwa jina, kabla halijala riziki ya watu waliokuamini. Maana biashara si mashine wala diploma, na nakuambia hayo mimi niliye na vyote viwili. Biashara ni watu wanaoamka alfajiri kwa ajili ya neno lako.

Mungu wa wazee wetu akupe mikono inayochoka na moyo usiochoka. Akukinge na faida inayokuja kwa kunong'ona. Utakachojenga kikae mahali pa jua, watoto wako wakirithi kila kitu na wasirithi siri. Na siku wajukuu wa watu watakapouliza mali ya nyumba hii ilitoka wapi, mji mzima uwe na jibu, na kila mmoja alitoe bila kushusha sauti.