Pointi Kumi na Tano za Binti Yangu

Wa kulaumiwa ni Kulwa muuza duka, maana mimi shule niliishia la nne. Yeye ndiye aliyenisomea matokeo ya kidato cha sita kwenye simu yake: binti yangu Neema pointi kumi na tano, mtoto wa jirani yangu Maganga pointi nne. Nikachinja mbuzi. Nikawatangazia wakulima wenzangu wa tumbaku hapa Urambo kwamba vyuo vikuu vya serikali vitamgombania Neema. Maganga nikampa paja zima.

“Pole, jirani. Wako atarudia mtihani.”

Akashukuru, akala.

Mwalimu wa Neema alipofika, akanivuta pembeni. “Mzee, pointi chache ndiyo kufaulu. Kwa kumi na tano, chuo kikubwa atabahatisha tu.”

Nikamgeukia Kulwa. Akaninyooshea bakuli. “Supu imebaki?”