Leo nimempinga Divine mbele ya watu

Leo nimesema "hapana" mbele ya klabu nzima ya vitabu. Mimi!

Tulikuwa tunajadili riwaya ya marafiki wawili, mmoja msemaji, mwingine mkimya. Kwenye klabu yetu anayeshika kitabu ndiye anayesema, na Divine, rafiki yangu wa tangu utotoni, hukishika kwa niaba yetu wawili.

"Mi na Keza," Divine akasema akinionyesha mimi, "tunaona huyu mkimya hana shukrani. Mwenzake anamsemea kila kitu!"

"Hapana," nikasema. "Mi naona amechoka kusemewa."

Yebaba weee.

Nikajua nimempoteza rafiki yangu.

Divine akaniangalia weee, kisha akaniwekea kitabu mapajani.

"Bon, kumbe na we uko na mdomo! Haya, endelea."

Nikaendelea mpaka kengele ya kufunga kikao ikalia.

Mlioisoma riwaya hiyo, mko upande wa nani? Andikeni hapa. Nitawajibu mwenyewe.