Dada Yangu Alichomekwa Kwenye Gari

Umepita mtaa wetu. Usikatae, nilikuona.

Ulimwona mwanamke amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya pikapu nyeupe, mpira puani, injini inanguruma na gari haliendi popote. Ukageuza shingo. Ukajifanya una simu.

Basi leo utanisikiliza.

Yule ni dada yangu. Kwa wiki sita alikuwa anawashwa kwa ufunguo wa gari.

Mimi ni mshona viatu. Shule iliniacha darasa la nne, mengine nimeyasoma kwenye magazeti tunayoshindilia ndani ya viatu visipoteze umbo. Mtaani wananiita Katiba, kwa sababu nakumbuka kila kilichoahidiwa, nani aliahidi, na siku hiyo alivaa nini.

Nakumbuka hivi: transfoma yetu ilipasuka Alhamisi, saa tisa alasiri. Mara ya tatu hiyo. Ya kwanza tulikaa gizani miezi saba. Ya pili, mitano. Ya tatu shirika la umeme wakasema, "Mtaa wenu umeandikwa kwenye orodha ya dharura."

Dada alifanya kazi miaka kumi na tisa kiwanda cha mablanketi. Manyoya ya mablanketi unayojifunika wewe, yeye anayo kifuani. Hospitali walimlaza wiki moja, wakamrudisha nyumbani na mashine ya oksijeni. Saa kumi na sita kwa siku, daktari alisema. Mashine yenyewe haina betri. Ni ya kuchomeka ukutani.

Ukutani hakuna kitu.

Utasema, si ahamie kwa ndugu wenye umeme? Alihamia kwa shangazi yetu. Chumba kimoja, watu sita, na mashine inaunguruma usiku kucha. Hakuna aliyemfukuza. Watu waliacha tu kuongea akiingia. Siku ya kumi akarudi mwenyewe.

Mumewe, shemeji yangu, ni dereva wa kampuni ya kuchimba visima. Mtambo wa kuchimbia ulikuwa umeharibika, akaambiwa akae na pikapu nyumbani mpaka aitwe.

Mimi ndiye niliyeiona ile soketi.

Iko nyuma ya kiti cha mbele, ina kifuniko, tundu zake kama za ukutani kabisa. Pembeni maandishi madogo: wati mia nne, gari likiwa limesimama na injini inawaka. Nikakimbia kusoma mgongo wa mashine ya dada. Mia tatu na hamsini.

"Shemeji, leta ekstensheni."

"Shem, hili gari la watu."

"Na huyu mke wa nani?"

Akaleta.

Dada alipovuta hewa ya kwanza alifumba macho. Kucha zake zilikuwa na rangi ya wino. Baada ya nusu saa zikaanza kurudi za binadamu. Akatutazama, akasema, "Kumbe mimi natumia dizeli."

Tulicheka mpaka shemeji akaenda kulia nyuma ya nyumba.

Saa kumi na sita hatukuziweza. Tulimpa sita: tatu asubuhi, tatu jioni. Zilizobaki alivumilia.

Mtaa ukanusa. Kinyozi alitangulia, mashine ya kunyolea mkono mmoja, chupa ya dizeli mkono wa pili, hajaambiwa na mtu. Kisha zikaja simu. Kisha redio. Wati hamsini zilizobaki tukagawana mtaa mzima. Shemeji akabatizwa Waziri wa Nishati, na watu wakawa wanamwamkia kwa kumpigia saluti.

Siku moja mama wa pasi, yule anayenyoosha nguo za watu, alisubiri tugeuke akachomeka pasi. "Shati moja tu, la bwana harusi."

Kimya.

Hujui kimya mpaka mashine ya oksijeni inyamaze. Dada aliinua mkono, hakuweza hata kuita.

"Chomoa pasi! Unaua mtu kwa ajili ya kola?"

Pasi ikatoka, soketi ikawaka tena. Mama wa pasi aliomba radhi siku tatu mfululizo, akafua mashuka yote ya dada. Hatukuwa watu wabaya. Naomba uelewe hilo.

Lakini sikiliza kilichotokea.

Kabla ya gari, kila Jumapili tulikutana kuhusu transfoma. Uwanja unajaa. Nilikuwa na barua yenye sahihi sitini na moja, tulipanga kuipeleka wote, kwa miguu. Jumapili ya kwanza baada ya gari walikuja arobaini. Ya pili, kumi na mmoja. Ya tatu tulikuwa mimi na kinyozi, na kinyozi alikuja kuuliza zamu yake ya kuchomeka ni lini.

"Katiba, punguza moto," akaniambia. "Si tunachaji?"

Barua ikabaki chini ya gundi na misumari.

Wiki ya nne akaja mkaguzi wa shirika la umeme. Saa nne asubuhi, kofia ngumu, kalamu sikioni. Mtu huyo nilikuwa nimemsubiri miezi. Hotuba yangu niliijua kwa moyo.

"Habari za hapa?"

"Nzuri!" mtaa mzima.

Kinyozi ananyoa. Redio inaimba. Dada amekaa kwenye kiti chake, kucha zina rangi ya binadamu.

"Mama, unaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu, baba."

Mkaguzi akazunguka gari. "Huu mfumo kaufunga nani?"

Mfumo! Kifua kikanijaa. Hotuba ikaniruka. Nikamshika mkono, nikamwonyesha soketi, nikamweleza wati, nikamweleza ile siku ya pasi na jinsi nilivyoweka utaratibu. Nilimtembeza kama mwenye shamba anayeonyesha ng'ombe.

"Hongera sana, mheshimiwa," akasema. "Weka sahihi hapa, kwamba nimefika."

Miaka hamsini na mbili, hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuniita mheshimiwa.

Nikaweka. Mimi, ninayesoma mpaka gazeti lililo ndani ya kiatu, nilisaini bila kusoma.

Wiki mbili baadaye mtambo ukapona, shemeji akaitwa. Aliomba ruhusa, wakamwambia gari ni la kazi. Aliondoka asubuhi akiwa amekunja uso. Ekstensheni ilibaki uani, imejikunja kama nyoka aliyekufa.

Nikaenda ofisi ya umeme. Dirisha la tatu. Karani akatafuta kwenye jalada.

"Mzee, mtaa wenu ulitolewa kwenye dharura."

"Nani katutoa?"

Akanigeuzia karatasi. Nikasoma. *Wakazi wana chanzo mbadala cha umeme. Mgonjwa anahudumiwa. Hali ni ya kuridhisha. Si dharura. Imethibitishwa na mwakilishi wa wakazi.*

Chini yake sahihi yenye mkia mrefu. Mkia ule nimeufanyia mazoezi kwenye soli za viatu tangu ujana.

"Ni yako, mzee?"

"Ni yangu. Futa."

"Mimi sina uwezo wa kufuta. Mtasubiri awamu ijayo."

"Awamu ijayo ni lini?"

Akatazama foleni nyuma yangu. "Anayefuata."

Nilimwambia dada yote, sikuficha. Siku hizi anasema maneno matatu, anapumzika, anasema mengine matatu.

"Wewe uliweka sahihi," akasema. Akapumzika. "Mimi nilimwambia tunashukuru." Akapumzika sana. "Tumejiua kwa adabu."

Leo ni siku ya tisa bila gari. Analala amekaa. Kucha zimerudi kuwa za wino. Mashine iko mezani, imefunikwa kitambaa, mtu ameweka birika juu yake. Dada hapumui kwa umeme wala dizeli. Anapumua kwa ubishi, na ubishi unamwisha.

Nilichojifunza ni kidogo na kimekuja kimechelewa. Kila tulichoshikilia kwa meno, wao waliandika kwamba tunacho. Tulipowaficha shida kwa heshima, walitupigia muhuri.

Sasa wewe uliyegeuza shingo. Usinitumie pole. Usinitumie kwenye simu alama ya mikono inayosali.

Kama una gari lenye soketi, usililete mtaani kwetu. Lipeleke kesho, saa mbili asubuhi, mbele ya mlango wa ofisi ya umeme. Kama huna gari, njoo na nusu lita ya dizeli. Kama huna dizeli, njoo na miguu. Barua ya sahihi sitini na moja nimeitoa chini ya misumari, na nafasi ya jina lako ipo.

Tutamleta dada na kiti chake cha plastiki, tutamchomeka pale pale mlangoni, wapite juu ya waya wakienda kazini. Na kama usiku huu utatushinda, tutakileta kiti kikiwa kitupu.

Mkaguzi atatoka. Atauliza habari za hapa.

Usimjibu nzuri.