Mstari wa Nne

Wiki iliyopita nilinunua karanga pale stendi ya Kiomboi, na karanga zenyewe zilifungwa kwenye ukurasa wa gazeti kuukuu. Nilipozimaliza nikaukunjua ukurasa, maana mimi sijui kutupa karatasi bila kuisoma. Ndani yake palikuwa na fumbo: watu watatu, miji mitatu, kazi tatu, na vidokezo vichache chini. Utafute nani anaishi wapi na anafanya nini. Kando walichora jedwali dogo la visanduku vitupu.

Nikaazima kalamu kwa mkata tiketi. Kabla basi halijajaa watu nilikuwa nimemaliza. Nikamrudishia kalamu yake.

Niliacha shule darasa la sita, rafiki yangu, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka mitatu mfululizo. Lakini jedwali la namna ile naweza kulijaza nikiwa nusu usingizi. Nililijifunza kwa mwalimu wetu wa hisabati, kule milimani Iramba nilikolelewa na bibi yangu mzaa mama. Siku za Ijumaa, kama chaki ilibaki, mwalimu alichora ubaoni mistari ya kusimama na ya kulala. Majina kushoto, siku juu, vitu upande wa mwisho. Palipowezekana uliweka vema, pasipowezekana uliweka kosa. Ukishapata vema moja, mstari wake mzima unaujaza makosa. Darasa zima lilikuwa likipiga miayo, mimi nimesimama juu ya dawati.

"Weka kila mtu," mwalimu alikuwa akirudia. "Hata usiyemshuku. Jedwali halimjui mkubwa wala mdogo."

Nilipomweleza bibi mchezo huo, hakushangaa. Alisema yeye anaufanya kila jioni kuku wanapoingia bandani. "Hesabu waliorudi, utamjua aliyepotea." Kisha akanituma kuni, na tangu hapo kuku nikawa nahesabu mimi.

Jiko la bibi lilikuwa kijumba cha udongo kando ya nyumba, jeusi ndani kama chungu. Juu ya mafiga matatu, kwenye dari la miti, yalining'inia masuke ya mtama wa mbegu, yamefungwa mafungu mafungu. Moshi uliyakausha na kuwazuia wadudu. Mbegu ile haikuguswa. Njaa ingekuja ya namna gani, watu wangekula michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, wangekula majani, wangelala na maji ya moto, lakini dari halikuguswa mpaka mvua inyeshe. Nyumba iliyokula mbegu yake ilisemwa kwa miaka. Na mtu aliyegusa mbegu ya mwenzake hakupewa moto tena. Ukimwona anakuja asubuhi na kigae chake kuomba kaa, unafukia makaa yako kwenye majivu, unamwambia moto umezimika.

Mwaka ninaousema ulikuwa mbaya. Mvua iliyotangulia ilikatika mapema, na kufikia mwezi wa kumi ghala la bibi lilikuwa na mavumbi tu. Wiki nyingi tulilala na michembe. Halafu ikaja wiki moja ambayo kila jioni bibi alinikorogea uji wa mtama, mzito, wenye harufu ya moshi. Nilikunywa mpaka nikalamba kibuyu. Yeye alikuwa akisema ameshashiba mchana. Sikumwuliza mtama umetoka wapi. Mtoto mwenye njaa hana maswali, hata yule mwenye maswali siku zote.

Alhamisi ya wiki ile mawingu yakaonekana. Mjomba, aliyekuwa na nyumba yake ng'ambo ya korongo, akaja wagawane mbegu, maana ile ilikuwa ya nyumba zote mbili. Jumapili nilikuwa nimefagia masizi darini na kuhesabu mafungu sita. Mjomba akapanda juu ya kinu, akashuka na mawili.

"Mama, mbegu iko wapi?"

Bibi alikuwa anachambua kunde ambazo hazikuhitaji kuchambuliwa. "Sijui," akasema. "Watu wanaingia na kutoka."

Wiki ile walikuwa wameingia wanawake watatu, kila mmoja siku yake, kati ya Jumatatu na Jumatano. Kwetu mlango wa jiko haukuwa na komeo. Unaingia, unaazima, ukimaliza unakirudisha kitu mlangoni bila maneno. Wa kwanza ni mke wa mjomba mwenyewe. Wa pili ni mfinyanzi, mama aliyepita na vyungu vyake kichwani. Wa tatu ni jirani yetu, mjane asiye na mtoto, ambaye nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa mnyaa tu. Ndiye aliyenifundisha kusuka ukili wa mikeka, na alikuwa na kicheko kilichosikika mpaka korongoni. Mmoja wao alichukua moto, mmoja mchi, mmoja ungo.

Mjomba akawaita wote. Akasema anataka kujua jambo moja: nani aliingia Jumanne? Kwa sababu Jumanne bibi alikuwa msibani kijiji cha pili na mimi nilikuwa shuleni. Siku nyingine jiko halikuachwa peke yake.

"Si mimi," akasema mke wa mjomba.

"Wala mimi," akasema mfinyanzi.

Jirani akasema, "Tangu nimzike mume wangu siku zote kwangu ni moja."

Hapo ndipo nilipookota kaa lililozimika, nikaenda kwenye ukuta wa jiko, nikaanza kuchora mistari.

"Wewe, toka hapo," mjomba akasema.

"Mwache, anasomea upolisi," akasema mkewe, na wakacheka kidogo. Ilikuwa mara ya mwisho kusikia kicheko uani pale.

Niliandika majina matatu kushoto, siku tatu juu. Nikawaeleza kwa sauti, kama mwalimu. Jumatatu ungo haukutoka, kwa sababu kutwa nzima nilikuwa nimeanikia michembe iliyoingia wadudu. Kosa. Jumanne moto haukutoka, kwa sababu bibi aliondoka alfajiri akauzima. Kosa. Mke wa mjomba ana ungo wake na mchi wake, vipya, vya harusi. Kwa hiyo alichofuata ni moto. Vema. Mfinyanzi hupita Jumatatu akienda mnadani, siku nyingine hapiti. Vema.

"Kweli," akasema mfinyanzi. "Jumatatu. Nilichukua mchi, nikapondee udongo."

"Nilijua," nikasema, maana Jumatatu ungo haukutoka, na moto ni wa mke wa mjomba. Umebaki mchi. Mke wa mjomba hawezi kuwa Jumatatu, siku hiyo ina mwenyewe. Hawezi kuwa Jumanne, kwa kuwa alifuata moto na Jumanne moto haukuwapo. Basi ni Jumatano.

Mke wa mjomba akakuna kichwa, akakubali. Ndiyo, Jumatano, mtoto alikuwa na homa.

Kikabaki kisanduku kimoja. Jirani, Jumanne, ungo. Nikaweka vema kubwa, nyeusi, nikasukuma kaa mpaka likavunjika. Na bila kuambiwa na mtu nikaongeza: ungo ndicho chombo cha kubebea mtama.

Jirani hakunitazama mimi. Alimtazama bibi. Alimtazama muda mrefu, na bibi akaendelea na kunde zake, anaokota moja, anairudisha. Kuku akapita katikati yao.

"Hesabu ya mtoto ni nzuri," jirani akasema. "Nilikuja Jumanne, nikachukua ungo." Akainuka, akafunga kanga yake, akatoka kupitia pengo la mnyaa.

Sijui kama unanielewa nikisema nilijisikia mrefu. Mjomba alinishika bega. Usiku nililala nikijaza majedwali kichwani.

Asubuhi nilikuta bibi ameshakandika ukuta kwa udongo mbichi. Mistari yangu haikuwapo. Hakunituma tena kuhesabu kuku.

Siku zilizofuata nilimwona jirani akienda nyumba hadi nyumba na kigae chake, akirudi nacho hakina moto. Alijaribu kwetu mara moja. Bibi alikuwa ndani. Nikasikia mafiga yakikwaruzwa na majivu yakivutwa. "Umezimika," bibi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Kabla mvua ya kupandia haijanyesha, jirani alikuwa amehamia kwa kaka yake Ihanja, na paa la nyumba yake likaanza kuinama. Mwaka uliofuata nami nikaacha shule. Ukiniuliza sababu nitakutajia nyingi, zote za kweli kidogo.

Nikatembea. Nimechambua vitunguu, nimeuza kuku njia kuu, nimepikia wachimbaji kule Sekenke. Bibi alikufa nikiwa mbali. Na ni Sekenke, asubuhi moja ya baridi, ambapo mama mmoja aliniuzia mtama uliokaa darini kwake. Nikasaga, nikakoroga uji, nikaonja. Nikasimama na mwiko mkononi mpaka uji ukaungua na wachimbaji wakaanza kunitukana.

Ile harufu ya moshi. Mtama wa ghalani haunuki moshi. Mtama wa mbegu ndio unaonuka.

Wanawake watatu niliwapima kwa siku na kwa vyombo. Hakuna nilichokosea, kila vema ilikuwa mahali pake. Ila jedwali langu lilikuwa na mistari mitatu, na watu wa jikoni walikuwa wanne. Mwalimu alishasema niweke kila mtu. Lakini mimi nililelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri hamwandiki bibi yake ukutani.

Ilinichukua miaka miwili mingine kufika Ihanja. Si mbali. Nauli nilikuwa nayo.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya kaka yake, anasuka ukili, macho yamefanya ukungu. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Nani wewe?"

Nikamwambia. Vidole vikaendelea kusuka.

"Yule wa mistari," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Umechelewa kidogo."

Nikamwambia nilichokijua kwenye uji. Alinisikiliza kama anayesikia habari za mvua ya mwaka juzi.

"Mimi nilikijua siku ileile," akasema. "Ule ungo nilipouchukua ulikuwa na makapi kwenye kingo. Makapi meusi ya moshi. Bibi yako alifikichia mbegu alfajiri, akaondoka bila kuukung'uta. Na yeye alikuwa msafi, unakumbuka. Nikajua mikono ilikuwa inamtetemeka."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwanawe mbele yake? Yeye alikuwa na mtoto wa kulisha, mimi nilikuwa na mnyaa." Akavuta ukili kwa meno. "Mtu mmoja anahama kirahisi. Na nilingoja, usifikiri sikungoja. Nilisema labda kesho atasema. Nikaenda na kigae changu, nikasema labda atanipa hata kaa moja, nitajua. Akaniambia umezimika, na mimi nauona moshi."

Nilimsaidia kulowanisha ukili mpaka jua likashuka. Nilipoinuka kuaga, akasema bila kugeuza uso, "Ile shikamoo yako."

"Naam, mama."

"Marahaba."

Msimu uliofuata nilipita tena na kilo mbili za sukari. Kaka yake akanionyesha kaburi.

Basi wiki iliyopita, pale Kiomboi, nilipolimaliza fumbo la gazeti, niliacha basi langu liondoke nikapanda pikipiki hadi kwetu. Mjomba na mkewe walishahamia kwa watoto wao. Mwalimu alihamishwa zamani. Jiko la bibi halipo. Pale pamelimwa alizeti na mtu nisiyemjua, imekauka, vichwa vimeinama. Nilitafuta hata figa moja, nikakosa. Mnyaa tu ndio uliobaki, umekuwa mrefu kuliko mimi, na lile pengo alilopitia limeziba.

Nilichuchumaa nikachora jedwali kwenye vumbi. Majina matatu, kisha mstari wa nne, nikamwandika bibi kwa jina lake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya alipokuwa hai. Sikuweka vema wala kosa. Nilikaa nayatazama majina hayo manne, nikahesabu waliorudi.

Nilikuwa mimi peke yangu, na mwenye pikipiki alikuwa ananipigia honi.