Daktari Aliyeshtakiwa kwa Kunitibu

Nilikuwa nauza maziwa ya ngamia soko la Isiolo wakati pumzi ilipoanza kunikatika. Mwanzoni nilisingizia uchovu, maana mitungi ni mizito na jua letu halina huruma. Lakini ikafika mahali siwezi kutoka nyumbani Bulla Pesa hadi sokoni bila kuketi njiani. Nikilala chali, nahisi kama nazama majini.

Nilijua ni nini. Utotoni, tukihamahama na mifugo, niliugua homa ambayo haikutibiwa, ikaniachia moyo mbovu. Nilipomzaa kitinda mimba wangu, nusura nife. Baada ya hapo niliambiwa nisizae tena, nami nikawa nachomwa sindano za kupanga uzazi. Kisha sindano zikaisha kliniki, tukaambiwa tungoje, na katika kungoja huko nikashika mimba.

Daktari aliyenipokea hospitalini alikuwa kijana kutoka upande wa Meru, mpole, mwenye sauti ya chini. Alinipima moyo kwa mashine, akatazama picha muda mrefu, halafu akavuta kiti akaketi karibu nami. Aliniuliza kama ningependa mume wangu awepo. Nikasema aitwe. Mume wangu hununua mbuzi na kuwauza. Siku hiyo alikuwa kwenye mnada wa Oldonyiro, akaja na vumbi lake mpaka kwenye nyusi.

"Mama," daktari aliniambia, "moyo wako hauwezi kubeba mimba hii. Ukiendelea nayo, naogopa tutakupoteza kabla mtoto hajaweza kuishi nje. Katiba inaruhusu mimba itolewe maisha ya mama yakiwa hatarini. Lakini uamuzi ni wako, si wangu."

Sikuwa nimewahi kusikia hivyo. Nilichojua ni kwamba jambo hilo ni jela, na nilimjua jirani aliyekunywa dawa za kienyeji kwa siri, tukamzika. Mume wangu alienda kumuuliza sheikh wetu. Sheikh alimhoji sana kuhusu ugonjwa wangu na jinsi daktari alivyokuwa na hakika, kisha akamwambia uhai wa mama ulindwe kwanza. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Niliwatazama watoto wangu wakigombania uji, nikajua nataka kuwalea mwenyewe.

Nilitibiwa salama. Nililia pia, na sioni aibu kusema hivyo.

Hata sijapata nguvu vizuri, nikasikia daktari amekamatwa. Mtu alikuwa amepeleka maneno kituoni, na polisi wakamchukua wodini, akiwa na koti lake jeupe, wagonjwa wakitazama. Aliachiliwa kwa dhamana, akashtakiwa kwa kutoa mimba kinyume cha sheria. Mjini walimwita muuaji. Wateja wangu wengine, waliposikia mgonjwa mwenyewe ni mimi, walianza kununua maziwa kwa mwenzangu wa meza ya pili.

Wakili wake, mama mmoja mtaratibu, alikuja nyumbani. Alisema daktari amekataa kutaja siri za mgonjwa wake, na kwamba hakuna atakayenilazimisha kufika mahakamani. Nikitaka kutoa ushahidi, angeomba chumba kifungwe, watu wasiingie. Alipoondoka, mume wangu alizungusha kikombe chake.

"Watu wataongea," alisema. Baadaye akaongeza, "Lakini wewe uko hapa, unanimiminia chai."

Nilienda. Nilikataa chumba kifungwe, kwa sababu nilitaka wanaosema wasikie. Hakimu aliona ninavyohema akaniruhusu kuketi. Kiongozi wa mashtaka aliniuliza kama daktari alinishawishi.

"Aliniambia ukweli wa moyo wangu na akaniambia sheria," nikajibu. "Niliyeamua ni mimi. Kama angeogopa, mngekuwa mnaongea juu ya maiti."

Hukumu ilichukua muda, lakini ilipokuja ilikuwa wazi: daktari alifanya kazi yake ndani ya sheria. Kesi ikatupiliwa mbali. Nje ya mahakama hakusherehekea. Aliniuliza kama nameza dawa zangu.

Angeweza kuomba uhamisho, na mama yake alimsihi aombe. Yeye alirudi wodini. Kisha, pamoja na yule wakili, akaanza kuzunguka kaunti akiwaeleza wauguzi, machifu na hata polisi kile sheria inachoruhusu na kile isichoruhusu. Wapo ambao hadi leo hawamsalimii. Lakini wauguzi waliokuwa wakiwafukuza wanawake kwa hofu sasa wanampigia simu kuuliza.

Mimi nilifanyiwa upasuaji wa moyo Nairobi, na pumzi ikarudi. Daktari aliponiomba tuandamane naye, nilikubali. Mara ya kwanza ilikuwa kijiji cha Rapsu, kwenye ukumbi wa kanisa, wanawake wakitoka mashambani na matope ya mifereji miguuni. Nilisimama na buibui langu mbele yao nikasimulia kama nilivyosimulia hapa. Hakuna aliyecheka.

Tulipokuwa tunaondoka, msichana mmoja alinifuata. Alisema anaumwa figo, ana mimba, na nyumbani wamemwambia anyamaze. Nikamshika mkono.

"Njoo umwambie daktari mwenyewe," nilisema. "Hatakulazimisha kitu."

Tukavuka uwanja pamoja. Daktari alipotuona, alifungua mlango wa gari ili msichana aketi kivulini, akaanza kumsikiliza.